Barua kwa mwanangu: suti, soksi, na alama nyuma ya mlango wa jikoni

Mwanangu Hamadi,

Wa alaykumu salaam. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu: mara mbili kwa sababu ya sauti yenyewe, mara moja kwa sababu ya swali. Unauliza, siku ya usaili wa uhudumu wa ndege uvae suti nyeusi ya pale hotelini au ile ya bluu ambayo kaka yako Salimu alifungia ndoa?

Ya bluu. Hiyo nyeusi ina matundu mawili kifuani yaliyoachwa na kibao cha jina, na wasaili wana macho. Shati jeupe, tai isiyo na michoro, viatu vyeusi vya ngozi vilivyopigwa rangi mpaka kisigino, maana watu hupaka mbele tu. Ndevu nyoa asubuhi hiyo hiyo, kucha kata fupi. Na nakuomba, usiifukize suti kwa udi usiku wa kuamkia siku hiyo kama bibi yako anavyotaka. Chumba kitakuwa kimejaa watu, na udi wako utamuumiza kichwa mwenzio aliyekaa pembeni.

Sasa soksi. Hakuna anayekumbuka soksi. Kwenye kipimo cha mkono utaambiwa uvue viatu, pengine na koti, usimame kwa ncha za vidole na uguse alama iliyobandikwa ukutani. Emirates na Qatar Airways wote wanataka sentimita 212. Soksi yenye tundu kwenye kidole gumba itaonekana na kila aliye kwenye foleni. Shati nalo liwe refu, lisichomoke kwenye suruali ukinyanyua mkono. Jaribu nyumbani kwanza. Kufika utafika, hilo sina wasiwasi nalo. Alama ya mkaa ya mama yako mdogo Zuhura bado ipo nyuma ya mlango wa jikoni, 212 kamili, na wewe uliigusa kabla hujamaliza kidato cha pili. Kila tukipaka chokaa baba yako anataka kuifuta, na kila mara namzuia.

Urefu huo si urembo. Vizima moto, mitungi ya oksijeni na vifaa vya huduma ya kwanza mara nyingi hukaa kwenye makabati ya juu. Moshi ukijaa hakuna muda wa kutafuta kigoda.

Hapo ndipo ninaporudi kwenye neno langu, na najua unalijua: wanaajiri mtu wa mlango, si mtu wa chai. Baba yako mpaka leo anaiita kazi ya kugawa soda. Mwambie hivi. Kabla aina mpya ya ndege kubwa haijaruhusiwa kubeba abiria, mtengenezaji lazima athibitishe kwamba watu wote wanaweza kutoka ndani ya sekunde 90, gizani, kwa nusu tu ya milango. Na kanuni ya kawaida katika nchi nyingi ni mhudumu mmoja kwa kila viti 50. Airbus A220 ya Air Tanzania ina viti 132, kwa hiyo haiondoki na wahudumu pungufu ya watatu, hata kama siku hiyo hakuna anayetaka soda. Chai ni ya kupitisha muda. Sheria inamtaka yule mtu kwa ajili ya mlango.

Ukilielewa hilo, usaili wote unabadilika sura. Kwa kawaida siku inakwenda hivi: mnakaa mnasikiliza maelezo ya shirika, mnakabidhi wasifu mmoja mmoja na kuulizwa maswali mawili matatu ya juujuu, kipimo cha mkono, mazoezi ya kundi, mtihani wa Kiingereza, kisha mahojiano ya mtu na mtu, siku hiyo au nyingine. Kati ya hatua na hatua wanasoma majina au namba za wanaoendelea, na wengine wanarudi nyumbani. Maswali mawili matatu ya juujuu si ya juujuu. Anayepokea wasifu anataka kuona kama unamtazama mtu usoni, na kama unaweza kuzungumza na mgeni dakika moja bila kuhutubia. Kwenye foleni unatazamwa. Anayewapangia viti naye huenda akaulizwa mawazo yake, kwa hiyo salamu yako kwake isipungue hata kidogo ile utakayompa mkubwa wake.

Lakini watu wanamalizikia kwenye kundi. Hapo ndipo mama yako mdogo alipomalizikia, na kwa kuwa katika nyumba hii hatusemi, leo nitasema.

Nyote mmekua mkiamini Zuhura alikataliwa kwa sababu ya kovu la mkono. Bibi yako ndiye aliyeanza kusema hivyo, na Zuhura akaacha iwe hivyo. Si kweli. Lile kovu liko juu ya kiwiko, sare ingelifunika. Shirika lenyewe nalihifadhi jina. Alifika Dar na basi la usiku, akapita wasifu, akagusa alama akabakiza vidole. Kisha wakawekwa watu wanane mezani na kupewa karatasi: hoteli ina vyumba vitano, wageni ni tisa, kuna mjamzito, maharusi, mzee wa kiti cha magurudumu, mfanyabiashara mkubwa na wengineo. Dakika kumi, mkubaliane nani apate chumba, halafu mmoja wenu aeleze.

Zuhura alijua jibu, unamjua alivyo. Alichukua kalamu, akagawa vyumba kwa dakika nne, na mgawo wake, alivyonisimulia, haukuwa na kasoro hata moja. Kulikuwa na kijana kwenye kona ya meza aliyefungua kinywa mara mbili. Mara ya kwanza hakusikika. Mara ya pili Zuhura alimwambia, "Ngoja kwanza nimalize." Kwa upole, anaapa kwa upole. Kundi likashangilia, na yeye ndiye aliyesimama kueleza. Namba ziliposomwa, ya kijana ilikuwemo.

Alirudi Tanga siku ile ile na suti mwilini, akaniomba chai, akanisimulia neno kwa neno bila kulia. Mimi nilikuwa tayari nafundisha wahudumu, na alipofika kwenye "ngoja kwanza" nilijua. Sikumwambia.

Kwa sababu lile zoezi halina jibu, Hamadi. Vyumba vile hakuna msaili anayevihesabu. Wanaandika nani aliyesema "tunazo dakika sita zimebaki", nani aliyemgeukia aliye kimya akamwita kwa jina lililo kifuani, nani wazo lake lilikataliwa akaendelea kusaidia bila kununa. Ukiwa bubu unaondoka, ukiwa na sauti kubwa kuliko wote unaondoka pia. Ongea mara tatu nne: wazo moja la kwako, moja la kuunga mkono la mwenzio, na moja la kumwita aliyesahaulika. Atakayeeleza mwisho akikosea, usimsahihishe mbele ya watu.

Wasaili wanajali hivyo kwa sababu ipo. Tarehe 8 Januari 1989, ndege ya British Midland aina ya Boeing 737 ilipata hitilafu kwenye injini ya kushoto ikielekea Belfast. Marubani walizima ya kulia, ile nzima, na nahodha akawatangazia abiria kwamba tatizo lilikuwa kulia. Nyuma kulikuwa na abiria, na wahudumu watatu pia, walioona moto upande wa kushoto. Hakuna aliyepeleka habari mbele. Ilianguka karibu na Kegworth, Uingereza, wakafa watu 47. Ndiyo maana nasema mtu wa mlango: aliye kwenye kona ya meza anaweza kuwa ndiye aliyeona moto.

Basi Zuhura alistahili kukataliwa? Miaka yote nimejijibu ndiyo. Halafu najiuliza, dakika kumi zinatosha kumpima mtu? Huyu ndiye aliyemvuta mtoto wa jirani kisimani wakati sisi wengine tunapiga kelele. Kwenye mlango wa ndege ningempanga yeye kabla ya wengi niliowapitisha darasani. Kwenye timu ya watu kumi na wawili wasiofahamiana, wanaobadilika kila safari... sijui. Saluni yake Chumbageni ina wasichana watano, na hakuna anayethubutu kumkatiza. Labda msaili aliona hilo. Labda aliona siku moja tu ya mtu aliyekesha ndani ya basi. Kwa hiyo nenda Dar mapema, lala, na kula asubuhi.

Ukifika kwenye mahojiano ya mwisho, watakuuliza mambo yaliyokwisha tokea: eleza siku mteja alipokukasirikia, siku uliyogombana na mfanyakazi mwenzio, siku uliyolazimika kumkatalia mtu jambo kwa sababu ya kanuni, siku uliyokosea. Andaa visa sita vya kweli kutoka mapokezi, kila kimoja kisizidi dakika mbili: palikuwaje, ulitakiwa ufanye nini, wewe ulifanya nini, kikaishaje. Wanaandika unavyosema, kisha wanachimba: ulimwambia maneno gani hasa? Yeye akajibuje? Kisa cha kubuni kinaanguka kwenye swali la pili. Usitumie "tulifanya", umejificha hapo. Usijibu "ningefanya", hawajauliza hivyo. Na usilete kisa ambacho mteja ni mjinga na wewe ndiye mwerevu. Hata kama ndivyo ilivyokuwa, iache nyumbani. Kile cha mgeni aliyepoteza pasipoti usiku wa Idd kinafaa sana. Kifanyie mazoezi kwa Kiingereza, kwa sauti, ukiwa umesimama.

Wakikuuliza kwa nini unaitaka kazi hii, usianze na kuona dunia. Kila mtu anataka kuona dunia. Anza na unachokifanya sasa saa nane za usiku wakati wageni wamechoka na vyumba havijawa tayari, kwa sababu ndiyo kazi yenyewe, ila huko unaifanya futi elfu thelathini juu. Watakuuliza pia kama unaweza kuishi mbali, kugawana nyumba na mtu usiyemjua, kupewa ratiba ya mwezi isiyojua Ramadhani wala harusi. Jibu ukweli uliokwisha kuufikiria. Anayesema "hakuna shida" bila kuvuta pumzi hawamwamini.

Na mtu yeyote akikupigia simu akitaka laki mbili "za kukuwekea nafasi ya usaili", mzuie hapo hapo. Mashirika haya hayatozi waombaji.

Baba yako anasubiri niandike kwamba usiende. Ameuliza mara mbili tangu nianze barua hii. Hukuniuliza kama uende, umeniuliza suti, na mimi nimejiapiza kujibu nilichoulizwa. Ungeniuliza, ningekuambia. Nina jibu, liko mdomoni. Lakini Zuhura naye hakuuliza, akaenda, na nadhani asingeenda angeichukia ile alama ya mkaa mpaka leo. Wakati sasa akija bado anainyanyulia mkono kabla ya kuingia jikoni, akidhani simwoni.

Nimeongea naye kuhusu wewe. Ameniambia nikuambie umwangalie aliye kwenye kona ya meza. Sikumuuliza amejuaje.

Suti ya Salimu ina doa la pilau kwenye mkono wa kushoto, chini karibu na kifungo. Ipeleke kwa dobi kabla ya Alhamisi, umwonyeshe doa kwa kidole, la sivyo atapiga pasi juu yake. Suruali itakuwa fupi, Salimu hana miguu yako. Ndani ya pindo nilimwambia fundi aache inchi mbili, ifumue.

Mama yako