Kabla hujanunua mashine ya kufulia, uliza inavyofunguliwa

Fundi alizungusha dramu kwa mkono, mara ya kwanza haraka, mara ya pili polepole huku ametega sikio, halafu akaniuliza, "Mama, hii umenunua lini?" Nikamwambia msimu wa korosho wa 2020. Akahesabu kwa vidole. "Basi imejitahidi."

Imejitahidi! Miaka mitatu na miezi minne. Ilikuwa Machi 2024, na tangu Januari mashine ikifika kwenye kukamua ilinguruma kama ya kukoboa mahindi, waliokaa sebuleni wanasimamisha mazungumzo mpaka imalize. Shangazi yangu wa Mikindani alikuwa na ile ya matangi mawili, upande huu unafua, upande ule unakamua. Ilimfulia tangu 2006 mpaka 2019, na hata ilipokufa haikuugua: ilidondoka kwenye kirikuu siku ya kuhama.

Sisemi vya zamani vyote vilikuwa imara. Vilivyokufa mapema tumevisahau, tunavitaja vilivyobaki. Na ya shangazi haikukaa miaka 13 bila kuguswa: mkanda ulibadilishwa mara tatu, kapasita, kile kidude cha kuanzishia mota, mara mbili, taima mara moja. Hoja yangu iko hapo hapo. Iliharibika mara sita ikatengenezwa mara sita, hapa hapa Mtwara, na haikuwahi kulala kwa fundi zaidi ya wiki. Yangu iliharibika mara moja ukawa msiba.

Kilichokufa ni beringi. Ile dramu ya chuma yenye matundu inabebwa kwa nyuma na shafti, yaani mhimili wa chuma, na shafti inazunguka ndani ya beringi mbili. Mbele ya beringi kuna sili ya mpira inayozuia maji. Sili ikichoka, maji ya sabuni yanapenya, yanaosha grisi, beringi zinashika kutu, kelele zinaanza. Ukitaka kujua kama yako imefika huko, chomoa umeme, fungua mlango, shika mdomo wa dramu kwa ndani uunyanyue. Ikicheza peke yake bila kwenda na tangi la nje, lile linaloshika maji, beringi zimekwisha. Beringi zenyewe si kitu cha ajabu, zina namba kama 6204 au 6205 na maduka ya spea za mota na pampu wanazo. Mbili pamoja na sili hazikufika elfu 50. Nikafurahi. Fundi hakufurahi.

"Mama, tangi lake halina boliti."

Zamani tangi la nje la mashine hizi za mlango wa mbele lilikuwa vipande viwili vilivyobanwa kwa skrubu, katikati mpira. Ukilegeza skrubu umefika kwenye beringi. Siku hizi nyingi, si zote, vipande hivyo ni vya plastiki na vinayeyushwa vikashikana kiwandani. Kwa mwenye kiwanda ni kazi ya haraka, rahisi, na tangi halivuji. Kwangu mimi beringi za elfu 50 zilikuwa ndani ya chungu kisicho na mdomo. Nikarudi dukani. Dhamana ya mwaka mmoja ilishapita. Wakaniambia linaagizwa tangi zima pamoja na dramu yake, bei inakaribia nusu ya mashine mpya, na hawakuwa na uhakika kama modeli ile bado inaletewa spea.

Usoni mashine hiyo ilikuwa na stika kubwa: miaka 10. Ndiyo iliyonishawishi. Stika za namna ile zisome kwa miwani, maana miaka hiyo kwa kawaida ni ya mota peke yake. Na ni kweli mota ya inverta haina kaboni za kusagika, inaweza ikadumu. Lakini inaamriwa na bodi ya umeme, bodi haimo kwenye ile miaka 10, beringi hazimo, sili haimo, pampu haimo. Ni sawa na kuuziwa mbuzi kwa dhamana ya pembe.

Kuna ndugu yangu anayependa kusema Wazungu walishalimaliza hili kwa sheria. Wamejaribu. Tangu Machi 2021, anayeuza mashine za kufulia kwenye nchi za Umoja wa Ulaya anatakiwa kuwa na spea kwa miaka isiyopungua 10 baada ya mashine ya mwisho ya modeli hiyo kuingia sokoni. Ufaransa mwaka huo huo ilianza kuzipa alama kati ya 10 kwa jinsi zinavyotengenezeka, na mnunuzi alikuwa anaiona alama hiyo dukani mpaka 2025 ilipobadilishwa. Ila ukiisoma orodha ya spea za Umoja wa Ulaya, beringi zimeruhusiwa kuuzwa peke yake au zikiwa zimefungwa pamoja na dramu. Kwa hiyo hata mama wa kule anaweza kuambiwa kile kile nilichoambiwa mimi.

Aprili fundi alichukua msumeno wa chuma. Kwanza alitoboa matundu madogo kuzunguka mshono wa tangi, ndipo akakata taratibu kwenye mshono wenyewe, saa tatu nzima. Akatoa beringi kwa kugonga, akaweka mpya, akajaza grisi, akarudisha tangi kwa silikoni na boliti kwenye yale matundu. Kutoboa kwanza ndio siri, alisema, ukikata kabla ya kutoboa vipande havikutani tena. Mashine ikanyamaza kama mpya. Ikiwa umeshanunua yenye tangi la kugandishwa na beringi zimekufa, usiitupe kabla ya kutafuta fundi mwenye subira ya namna hii.

Kosa langu lilitokea siku hiyo hiyo. Nyuma ya dramu kuna kipande chenye miguu mitatu kinachoishikilia kwenye shafti. Dramu ni chuma kisichoshika kutu, kipande kile ni aluminiamu, na aluminiamu ikishikana na chuma hicho ndani ya majimaji yenye chumvi na sabuni, ndiyo inayoliwa. Fundi alinionyesha: miguu imeota unga mweupe, mmoja una shimo la kuingia ncha ya kidole. Akasema tuulizie kingine Dar es Salaam. Nikasema tutaona mbele ya safari. Nilikuwa nimeshalipa, nimechoka, nataka nguo zifuliwe.

Mei ikafa pampu ya kutolea maji. Ilikuwa ndogo, ya kubadilisha kwa nusu saa, ila ilibidi itoke Dar kwa basi, na ndiyo siku barabara ilipokatika Somanga kwa mvua za kimbunga Hidaya. Tukafua kwa beseni tukisikilizia habari za daraja. Wanaouza mashine hawakuambii hili: spea yako inasafiri zaidi ya kilomita 500 kwa barabara moja. Desemba ule mguu ukakatika katikati ya kukamua. Sitaki kuelezea mlio wake.

Januari 2025 nikanunua ya matangi mawili. Sijarudi nyuma, nimepiga hesabu. Ina mota mbili, mkanda, kapasita, taima ya kuzungusha kwa mkono, breki ya kukamulia, basi. Ikinguruma bila kuzunguka, mara nyingi ni kapasita. Ikizunguka mota na nguo zimesimama, tazama mkanda. Fundi yeyote wa Magomeni ya hapa Mtwara anaijua, hata mwanafunzi wake anaijua. Jambo jingine, haingoji bomba. Mashine ya mlango wa mbele inataka maji yaje yenyewe kwa nguvu, na kama simtank yako iko chini inasimama na kuwasha alama za kulalamika. Hii unaimiminia ndoo. Ubaya wake sifichi: unahamisha nguo mwenyewe kwenda kukamua, inakula maji mengi kwenye kusuuza, na inasokota khanga zikawa kamba. Mwenye mtoto mchanga au mgonjwa wa kuhudumia, ile nyingine ina raha yake na simlaumu.

Ukiamua hiyo hiyo ya mlango wa mbele, anza kwa fundi kabla ya duka. Mpe jina kamili la modeli, lile la herufi na namba, muulize amewahi kulifungua tangi lake. Kama hajawahi, tafuta video ya mtu anayelifungua, uangalie kama kuna skrubu kuzunguka tangi au mshono mtupu. Dukani uliza bei ya vitu vinne: bodi, pampu, mpira wa mlango, na beringi na sili. Waulize kabla hujatoa hela, ukiwa bado bosi. Muuzaji akicheka au akikuambia "hii haiharibiki, dada", umeshapata jibu lako.

Siku inapofika nyumbani, geuza nyuma utoe zile boliti ndefu zinazoshika dramu wakati wa safari. Jirani yangu aliyehamia Lindi aliziacha. Mashine ilitoka bafuni mpaka koridoni kwa miguu yake yenyewe, na vizuia mtikisiko vikachoka kabla ya wiki kuisha.

Sabuni tunazidisha wote. Tumezoea beseni, tunataka povu, na povu likizidi linaacha utando nyuma ya dramu, pale pale kwenye sili na miguu ya aluminiamu. Mimi natia nusu ya nilivyozoea na nguo zinatakata. Ukimaliza acha mlango wazi pakauke. Sisi wa Shangani na wengine mlio karibu na bahari, kung'uteni mchanga wa nguo za watoto kabla ya kuziingiza, na msiiweke mashine kibarazani ambako upepo wa chumvi unaila mabati kuanzia chini. Kilo 7 zilizoandikwa ni za nguo kavu, na blanketi zito linafika huko mapema kuliko unavyodhani. Umeme ukikatika chomoa, usingoje urudi kwa kishindo. Gadi ya kulinda umeme, ile inayosubiri dakika chache kabla ya kuruhusu, ni nafuu sana ukilinganisha na bodi.

Ile iliyokufa niliiuza kwa mnunua vyuma chakavu, isipokuwa dramu. Mjomba wa Newala aliiona akaiomba. Korosho za maganda tunazikaanga kwenye bati lililotobolewa ili mafuta makali ya ganda yadondokee motoni, na bati halifiki msimu wa pili. Dramu ina matundu ya kiwandani, haina hata doa la kutu. Ameshakaangia msimu mzima, nje ya nyumba maana moshi wake unachoma macho, na juzi amepiga simu kuuliza kama kuna jirani yangu mwingine ambaye mashine yake inakaribia kufa.