Maswali na majibu: Kima anayetafuna mkaa

Tangu nigusie kima wa Jozani, ule msitu wa Unguja, maswali hayakatiki. Leo nayajibu manne.

Nimemwona kima punju akiiba mkaa tanurini. Njaa au wazimu? (Msomaji, Pete, Unguja)

Si njaa wala wazimu, anajitibu. Tumbo la punju lina vyumba, na bakteria huchachusha majani humo kabla hayajasagika, kama kwa ng'ombe. Ndani ya msitu ana miti mingi ya kuchagua. Wanaoishi mashambani, pembezoni mwa Jozani, hutegemea sana majani ya miembe na mikungu, miti tuliyoipanda sisi. Majani hayo yana protini nzuri, ila yamejaa fenoli, kemikali zinazovuruga usagaji wa chakula. Mkaa huzinasa fenoli na kuiacha protini. Ndiyo maana utamwona akishuka, akinyakua kipande, kisha akikimbilia tawini kukitafuna polepole kama mtu na kashata yake. Hospitalini nako, aliyekunywa sumu huweza kupewa mkaa maalumu.

Basi nikimpa ndizi mbivu, si nitakuwa nimemsaidia?

Hapana. Sukari ya tunda bivu huchacha upesi katika tumbo lile na kuzidisha asidi. Hata embe hulila likiwa bichi.

Wanamaliza vidaka vya minazi yangu. Nani atanilipa? (Mkulima, Unguja)

Pole, mzee wangu. Watafiti walilipima jambo hili Jozani miaka ya 1990, na hawakuona kwamba penye kima wengi nazi hupungua. Mnazi wenyewe huangusha vidaka vingi usivyoweza kuvilea, na kima huenda anaupunguzia tu mzigo. Najua hesabu hiyo haimtulizi mtu anayeokota vidaka vilivyong'atwa chini ya mnazi wake. Sehemu ya viingilio vya watalii imekuwa ikirudi kwa wakulima na vijiji vya jirani, kwa hiyo anzia kwa sheha, kiongozi wa serikali hapo kijijini. Na kama ni ndizi zilizoliwa, usimsingizie punju: mtafute kima wa kawaida.

Eti nyani wa jalalani hunenepa? (Msomaji, Loitokitok)

Kweli kabisa. Kule Amboseli kundi moja lilihamia karibu na jalala la hoteli. Nyani wa porini hushinda wakichimbua vishina vya nyasi na kuokota mbegu za migunga. Hawa wakawa wanakula mara moja na kujilaza kivulini. Majike wa porini walipopimwa, mafuta yalikuwa kama asilimia 2 ya mwili. Wa jalalani, asilimia 23. Insulini, homoni inayodhibiti sukari mwilini, nayo ikapanda, kama kwa jamaa zetu wa mjini.

Unene si ubaya pekee. Miaka ya 1980, huko Maasai Mara, jalala lilitupiwa nyama yenye kifua kikuu cha ng'ombe. Katika kundi moja la jirani waliokufa walikuwa madume wakali, kwa kuwa ndio walioweza kupigana mpaka wakaifikia nyama.