Anza na daftari zao

Mdogo wangu, umeuliza uanzie wapi na hao wanafunzi wawili wa masta ya sosholojia uliopewa usimamie tasnifu zao hapa Bukavu. Usingoje sura ya kwanza. Waambie walete daftari za mahojiano.

Mwaka jana binti mmoja aliniletea mahojiano ya wamama wa soko la Kadutu kuhusu likelemba, yaani kuchangiana pesa na kupokea kwa zamu. Kila mahali alikuwa ameitafsiri kwa Kifaransa kama akiba tu. Nikamwomba tusikilize alichorekodi. Mama mmoja alikuwa anaeleza kwa nini mwenye mgonjwa nyumbani hupewa zamu kwanza, hata kama si yake. Hapo ndipo palikuwa na utafiti wenyewe, na ulikuwa umemezwa na neno moja! Tulikaa saa mbili juu ya kurasa tatu. Akarudi sokoni mara nne.

Nadharia watasoma. Ila usilalie kazi yao miezi bila kujibu. Mimi nilifanyiwa hivyo, nikalipa ada ya mwaka mwingine kwa sababu ya sura iliyokaa mezani kwa mtu. Mistari mitano kwenye WhatsApp inatosha, na ukiwapa tarehe, ishike.