Kurekebisha trimu ya elevata kwenye ndege uliyoijenga mwenyewe

Ndege mpya ikiruka na kuonekana inavuta pua juu au chini, mjenzi mgeni hukimbilia kibao cha trimu. Subiri kwanza. Kibao hicho kwenye ukingo wa nyuma wa elevata (sehemu ya mkia mlalo inayopanda na kushuka ili kuelekeza pua) kina kazi moja tu: kumwondolea rubani nguvu ambayo angelazimika kuishikilia kwenye stiki. Elevata yenyewe itakaa wapi angani huamuliwa na kitovu cha uzito, mwendo, flapu (mabamba ya nyuma ya bawa yanayoshushwa wakati wa kutua), nguvu ya injini, na pembe ambayo mkia mlalo ulifungwa nayo. Ukianza na kibao kabla ya kuyajua hayo, utaficha tatizo badala ya kulitatua.

Shika pia mwelekeo wake mpaka uwe hauufikirii. Kibao kikishuka, hewa huisukuma elevata ipande, na pua hupanda. Kibao kikipanda, elevata hushuka na pua hushuka. Kwa kuwa kibao huenda kinyume na elevata, ni rahisi sana kuunganisha fito inayokisukuma kibao, au nyaya za mota yake, kinyume, na ndege ikapaa huku trimu ikimvuta rubani kule asikotaka. Kila unapofungua chochote kwenye mfumo huu, keti kwenye kiti, weka trimu ya pua juu, na mtu mwingine aliyesimama mkiani akutajie kwa sauti anachokiona. Usimwambie mapema unatarajia nini.

Kazi ya chini huanza kwa kuifunga elevata. Ilinganishe na mkia mlalo, kisha ibane kwa vibao viwili vya mbao vilivyovikwa kitambaa, kimoja kila upande, ili isicheze hata kidogo. Weka kidhibiti cha trimu katikati ya safari yake, si mahali penye alama ya katikati iliyochapwa na kiwanda, maana hizo mbili mara nyingi hazilingani. Halafu rekebisha urefu wa fito mpaka kibao kilale sawa na elevata. Tumia kipima pembe cha kidijitali: kiweke juu ya elevata, kisawazishe kisome sifuri, kisha kihamishie kwenye kibao. Peleka trimu mwisho wa juu na mwisho wa chini, uandike digrii, ulinganishe na michoro ya mbunifu. Safari ya juu na ya chini si lazima ziwe sawa. Kwenye ndege nyingi hazitakiwi kuwa sawa.

Hapa hesabu ndogo husaidia. Uzi wa 10-32, unaotumika sana kwenye fito nyepesi, una mizunguko 32 kwa inchi, kwa hiyo mzunguko mmoja husogeza fito karibu milimita 0.8. Mkono wa kibao ukiwa na urefu wa milimita 25 kutoka kwenye bawaba, mzunguko huo mmoja ni kama digrii 1.8. Ndiyo maana hatua ya kwanza iwe nusu mzunguko. Ukimaliza, hakikisha uzi umeingia vya kutosha kwenye rodi endi, yaani kichwa cha fito chenye tufe ndani yake: ikiwa ina tundu la ukaguzi, waya mwembamba ukichomekwa usipite, uzuiwe na uzi. Kisha kaza nati ya kufungia. Kiungo kinachozunguka kifungwe kwa nati ya taji na kotapini (pini inayozuia nati isilegee), na mahali ambapo rodi endi inaweza kuchomoka tufe lake likiharibika, weka washa pana upande wa wazi.

Sasa fungua elevata, ipeleke juu kabisa na chini kabisa huku trimu ikiwa kila mwisho. Tazama kibao, si elevata. Kwenye mifumo mingine pembe ya kibao hubadilika elevata inapotembea, na fito inaweza kugusa ukingo wa tundu lake katika moja tu kati ya hali hizo nne. Mkwaruzo mdogo wa rangi kwenye tundu hilo unatosha kukuonyesha.

Kuchezacheza kwa kibao ndiko kunakopaswa kukutia hofu kuliko kitu kingine chochote katika kazi hii. Kibao kilicholegea kinaweza kuanza kutetemeka kwa kasi mwendo unapoongezeka, kikaitetemesha elevata yote, na mkia ukavunjika kabla rubani hajafanya lolote. Kigezo kinachotumika sana ni kwamba mchezo wote, juu hadi chini, ukipimwa kwenye ukingo wa nyuma, usizidi asilimia 2.5 ya upana wa kibao kutoka bawaba hadi ukingo huo. Kibao cha milimita 80 kina ruhusa ya milimita 2, na mimi ningeanza kutafuta sababu kabla ya kufika hapo. Mbunifu wako akitaja kiasi kidogo zaidi, fuata chake. Funga elevata tena, weka rula nyuma ya ukingo, sukuma kwa kidole kimoja. Sababu huwa ni pini ya bawaba iliyolika, tundu la pini ya fito lililopanuka na kuwa yai, bushi ya mota, au ganda la kebo ambalo halikubanwa mwishoni, hivyo ganda ndilo linalosogea badala ya waya wa ndani. Badilisha kilicholika. Grisi nzito huficha mchezo kwa siku chache tu.

Angani, chagua asubuhi tulivu na upande angalau futi 3,000 juu ya ardhi. Weka nguvu ya kusafiria, shikilia ndege usawa kwa stiki, ngoja mwendo utulie, ndipo uondoe nguvu ya mkono kwa trimu. Kurusha ndege kwa trimu yenyewe kutakupa vipimo visivyo na maana. Andika mahali trimu ilipokaa, kisha tazama nyuma: ncha ya elevata inayojitokeza mbele ya bawaba imekaa wapi ukilinganisha na mkia? Ikisimama juu, ujue ukingo wa nyuma wa elevata uko chini, yaani elevata inafanya kazi ya kushusha pua muda wote. Hilo kibao hakiliponyi. Ukikokotoa upya uzito na kitovu chake na vyote viko sawa, dawa ni kuinua ukingo wa mbele wa mkia mlalo kwa vipande vyembamba, kwa idhini ya mbunifu. Mafungio yakiwa umbali wa milimita 500, kipande cha milimita 1.5 hubadilisha pembe kwa digrii 0.17 hivi. Baada ya hapo bolti huenda zikahitaji kuwa ndefu zaidi, na safari ya elevata lazima ipimwe upya.

Rudia kipimo katika hali mbili ngumu: kitovu cha uzito kikiwa mbele kabisa, flapu zote chini na mwendo wa kutua, na kikiwa nyuma kabisa, kwa nguvu ya kusafiria. Ya kwanza huonyesha kama trimu ya pua juu inatosha, ya pili kama ya pua chini inatosha. Ikipungua upande mmoja na kubaki nyingi upande wa pili, hapo ndipo urefu wa fito unaporekebishwa.

Ndege ikikataa kutulia kwenye mwendo mmoja, shuku msuguano. Weka trimu, vuta stiki taratibu mpaka mwendo upungue kwa kilomita 20 kwa saa, kisha iachie polepole. Ikitulia kwenye mwendo tofauti sana na ule wa mwanzo, tafuta bawaba kavu au kebo inayosugua. Kibao hakina kosa hapo.

Kwa trimu ya umeme, swichi ya kukata mota iwe mahali mkono unafika bila kutafuta. Ukiwa juu na kwa mwendo mdogo, peleka trimu hatua kwa hatua hadi kila mwisho uone kama mkono mmoja unaweza kuishikilia ndege. Usipoweza, punguza safari ya mota kabla ya kuruka tena kwa mwendo mkubwa. Na elevata ikipakwa rangi upya au kibao kikizibwa kwa pati (lihamu ya kujazia), ipime mizani yake tena kibao kikiwa kimefungwa, kwa sababu gramu chache nyuma ya bawaba hudai gramu nyingi zaidi za madini ya risasi ya kusawazisha mbele yake.