Jibu: Usiishie Normandy tu

Mdogo wangu, nimekuelewa: umeulizwa Washirika (Uingereza, Marekani, Wasovieti na wenzao) waliishindaje Ujerumani ya Hitler, insha yote ukaijaza Normandy, pwani ya Ufaransa walikotua Juni 1944, na mwalimu kakurudishia akisema ni nusu ya jibu. Yuko sahihi.

Anza mashariki. Jeshi la Ujerumani lilivunjwa nguvu na Wasovieti: Stalingrad, Februari 1943, kisha Belarus kuanzia Juni 22, 1944. Huko ndiko walikofia askari wengi zaidi wa Kijerumani. Ukiliacha hilo, hoja nyingine hazisimami.

Normandy ibakize, ila usiishie kwenye mapigano ya ufukweni; eleza mizigo ilipita wapi. Shambulio la 1942 kwenye bandari ya Dieppe, Ufaransa, liliwafunza Washirika kwamba kuvamia bandari yenye ulinzi mkali ni kujimaliza. Basi wakatengeneza bandari zao za bandia huko Uingereza, makasha makubwa ya zege, wakayakokota baharini hadi Arromanches na Omaha, kwenye pwani ya Normandy. Dhoruba ya Juni 1944 ikaiharibu ile ya Omaha. Ya Arromanches ikaendelea kushusha malori na risasi. Watahini wanapenda sana maelezo ya namna hiyo.

Nyambizi za Atlantiki na mabomu ya ndege, aya moja inatosha.

Angalizo: babu zetu wa KAR (King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza Afrika Mashariki) walipigana Ethiopia, Madagaska na Burma, si Normandy, usiwachomeke. Na tarehe ya Ujerumani kusalimu amri: hati ilitiwa saini mara mbili, Reims (Ufaransa) ni Mei 7, Berlin usiku wa Mei 8, 1945, wakati Moscow ilikuwa tayari Mei 9. Muulize mwalimu mtaala wenu unatumia ipi kabla hujaandika upya.