"Furlong" imetoka kwenye plau, si kwenye "far"

Wengi hudhani "furlong", kipimo cha urefu cha Kiingereza, imetokana na "far", yaani mbali. Hapana, haina uhusiano nayo, ingawa naona kwa nini wanadhani hivyo. Ni maneno mawili ya Kiingereza cha kale yaliyoungana: "furh", yaani mtaro unaoachwa na plau shambani, na "lang", refu. Basi ni urefu wa mtaro mmoja wa plau.

Sababu ni maksai. Plau nzito ya Uingereza ya zamani ilivutwa na kundi la maksai, mara nyingi wanane, na kazi ngumu ilikuwa kuwageuza mwisho wa shamba. Aliyewahi kulima kwa ng'ombe hata wawili anajua shughuli ya pale kwenye kona! Kwa hiyo walilima vipande virefu vyembamba ili wageuze mara chache. Mwanzoni urefu ulitofautiana mahali na mahali, baadaye ukakazwa kuwa yadi 220, kama mita 201. Sheria ya 1593 ikaifanya maili iwe furlong 8 kamili.

Na ekari yetu hii tunayouziana viwanja imetoka hukohuko: kipande chenye urefu wa furlong moja na upana wa yadi 22, kadiri ya kazi ya siku moja ya kundi hilo la maksai. Siku hizi furlong utaisikia zaidi kwenye mbio za farasi.