Kabla hujamwita fundi wako mvivu

Wenzangu wenye saluni, migahawa na karakana hapa Dodoma wana swali moja wanaloniuliza kila tukikutana: "Dada, hao wafanyakazi wako unawapa nini? Wangu hawana moyo wa kazi kabisa." Wanategemea niwatajie kiwango cha mshahara au zawadi ya mwisho wa mwezi. Mimi nina karakana ya ushonaji, kazi yetu kubwa ni sare za shule, na jibu langu halijabadilika. Kabla hujatafuta cha kumwongezea mtu, tafuta kinachomkatisha tamaa ukiondoe. Kikishaondoka, mwachie kazi iwe yake.

Tumbo kwanza. Wazee waliosema adui mwombee njaa walijua njaa inamfanya nini binadamu. Kati ya mwaka 1944 na 1945, vita ikiwa bado inapiganwa, watafiti wa Chuo Kikuu cha Minnesota huko Marekani wakiongozwa na Ancel Keys waliwachukua vijana 36 wenye afya njema, waliojitolea kwa hiari yao, wakawapunguzia chakula kwa miezi karibu sita. Walitaka kujua namna ya kuwarudishia afya watu walioathirika na njaa ya vita. Miili ilikonda, hilo lilitegemewa. Kinachonigusa mimi ni yaliyowapata akilini. Waliishiwa hamu ya masomo, ya wasichana, ya siasa, hata ya kupiga soga na wenzao. Walibaki na chakula tu: wanakiota, wanakizungumzia, wanasoma vitabu vya mapishi, wanalamba sahani.

Sasa fikiria Dodoma mwezi wa kwanza. Shule zinafunguliwa, kwa hiyo karakana ya sare ndipo inapofurika. Lakini mwezi huohuo, huko Bahi na Chamwino wanakotoka mafundi wengi, mvua ndiyo kwanza imeanza, mtama na uwele bado uko shambani, na ghala la mwaka jana linaelekea kwisha. Fundi anakaa kwenye cherehani huku simu inalia: baba anaomba hela ya debe la mahindi. Mtu huyo mwili wake uko karakanani, akili haipo.

Nimeona kwa macho yangu kijana hodari, mkataji ninayemwamini, akikata mikono miwili ya shati yote ya upande wa kushoto. Alipanga kitambaa vibaya, akapiga chaki, akakata, akaiweka kwenye fungu bila kugundua. Mwingine angesema huyu amelewa, au hajali. Nilimwita pembeni nikamuuliza, "Nyumbani kuko salama?" Akanyamaza kwanza, kisha akasema, "Dada, tangu jana mchana sijatia kitu mdomoni. Nimetuma yote nyumbani."

Mwaka 2013 ilitoka taarifa ya utafiti uliofanywa kwa wakulima wa miwa nchini India. Wakulima walewale walipimwa uwezo wa kufikiri mara mbili: kabla ya mavuno wakiwa wameishiwa, na baada ya mavuno wakiwa na hela mfukoni. Kabla ya mavuno walifanya vibaya zaidi. Ni mtu yuleyule na akili ileile, ila sehemu yake kubwa imeshikwa na shida. Kwa hiyo karakanani kwangu uji unachemshwa asubuhi, na saa saba kuna ugali na mboga, mara nyingi maharage, siku nyingine mlenda. Ukipiga hesabu ya kitambaa kinachoharibika na mteja anayekasirika, sufuria la uji ni rahisi mno.

Aliyeyapanga mambo haya mpaka yakajulikana dunia nzima ni Abraham Maslow, mwanasaikolojia wa Marekani, katika makala yake ya mwaka 1943. Alisema mahitaji ya binadamu yana mpangilio: kwanza ya mwili, kisha usalama, kisha kupendwa na kuwa na watu, kisha heshima, na juu yake hamu ya mtu kufikia kile anachoweza kuwa. Wengi hufundishwa hivyo darasani kana kwamba ni ngazi ya chuma, hupandi ya pili mpaka umalize ya kwanza. Maslow mwenyewe katika makala hiyohiyo alieleza kwamba mpangilio huo haujakaza hivyo, na maisha ya hapa yanamuunga mkono. Mtu asiye na kitu ndani bado atachanga kwenye msiba wa jirani, maana bila watu ataishije? Basi usidhani ukishamlisha mfanyakazi umemaliza, au kwamba kwa kuwa ni maskini basi heshima haimhusu.

Hela ni jambo la pili, na hapa nataka nieleweke. Anayesema hela si muhimu ni yule anayeamka akiwa nayo. Ila hela ina tabia yake. Mwaka 1959 mwanasaikolojia Frederick Herzberg na wenzake walichapisha matokeo ya mahojiano na wahandisi na wahasibu wapatao 200 wa eneo la Pittsburgh, Marekani. Waliwauliza ni lini walijisikia vizuri sana kazini, na ni lini walijisikia vibaya. Majibu hayakuwa pande mbili za kitu kimoja. Yaliyowakera yalikuwa taratibu mbovu, usimamizi wa kubana, mazingira, malipo. Yaliyowafurahisha yalikuwa kufanikisha jambo, kutambuliwa, kazi yenyewe, kupewa dhamana. Wataalamu wengine waliikosoa njia aliyotumia, lakini mwenye karakana haihitaji iwe kamilifu ili imsaidie. Mshahara ukiwa mdogo au ukichelewa unaua kazi. Ukiwa wa haki na ukija kwa wakati, mtu anatulia. Hapo ndipo kazi yenyewe inapata nafasi ya kumvuta.

Zamani niliwahi kuajiriwa sehemu ambayo Jumamosi ya malipo ilikuwa inageuka Jumatatu, Jumatatu inageuka "tuvumiliane kidogo". Hakuna aliyegoma. Watu walipunguza mwendo tu. Nyuzi zikaanza kupotea, kazi za pembeni zikaingizwa kwenye mifuko, na kila mtu akawa na mgonjwa wa kumpeleka hospitali. Bosi alileta msimamizi wa kukagua mikoba mlangoni, na mambo yakazidi kuharibika. Ushauri wangu: panga siku na saa ya kulipa, na siku hiyo iheshimu hata kama itakubidi ukope.

Tukishavuka hapo, tunafika kwenye sehemu ninayoipenda kuliko zote. Angalia bodaboda wa mjini kwetu. Kuna anayeendesha pikipiki ya mtu kwa hesabu, kila jioni anapeleka kiasi walichokubaliana. Na kuna aliye kwenye mkataba, anayelipa mpaka mwisho pikipiki inakuwa yake. Simama kituoni asubuhi uwaangalie. Wa mkataba anafuta vumbi, anasikiliza mlio wa injini, oili anabadilisha kwa wakati. Wa hesabu anawaza jioni. Barabara ni ileile na abiria ni walewale.

Kazi ya kushona inaweza kufanywa kwa namna hizo mbili. Oda ikiwa kubwa, wengi hugawa: huyu kola tu, huyu mikono tu, huyu matundu ya vifungo. Kasi inapatikana. Lakini fundi anayeshona kola kuanzia asubuhi mpaka jioni haoni shati hata moja alilolishona yeye. Miaka ya 1970 watafiti wawili wa Marekani, Richard Hackman na Greg Oldham, waliandika kwamba kazi humvuta mtu ikiwa inatumia ujuzi wake wa aina mbalimbali, ikiwa anaimaliza kuanzia mwanzo hadi mwisho, ikiwa ina maana kwa watu wengine, ikiwa ana uhuru wa kuamua, na ikiwa anaona mwenyewe kama ametoa kitu kizuri. Kwangu fundi anapewa shule yake. Anapima watoto, anakata, anashona, anapiga pasi, anakabidhi. Sketi ya marinda ikirudi kwa sababu marinda yamefunguka, inarudi kwake, na yeye ndiye anayeongea na mzazi. Tunachelewa kidogo mwanzoni, sikatai. Lakini kazi zinazorudi zimepungua sana.

Hapo kwenye kupima watoto ndipo penye siri kubwa. Kuna fundi wangu, mama mtu mzima, mtaratibu, haongei sana. Siku moja bibi mmoja alimleta mjukuu anayeanza darasa la kwanza, mtoto mwembamba, kaptula inamdondoka. Yule mama alipiga magoti, akatoa pini mdomoni, akaminya kiuno pande mbili, akamwambia mtoto, "Kimbia mpaka mlangoni nione." Mtoto akakimbia, kaptula haikudondoka. Bibi akasema, "Asante sana mama, Mungu akubariki." Wiki ile nzima yule mama alikuwa wa kwanza kufika. Mtafiti wa Marekani, Adam Grant, alionyesha jambo hilohilo kwa utafiti uliochapishwa mwaka 2007: wafanyakazi waliokuwa wakipiga simu kuchangisha fedha za chuo kikuu, walipokutana dakika chache tu na mwanafunzi aliyesomeshwa na fedha hizo, waliongeza juhudi kwa kiasi kikubwa.

Kuhusu zawadi na bonasi, kuwa mwangalifu. Mwaka 1971 mwanasaikolojia Edward Deci alichapisha majaribio aliyoyafanya kwa wanafunzi waliokuwa wakicheza fumbo la vipande vya kupanga. Waliolipwa kulicheza, malipo yalipoondolewa, walilicheza kidogo wakiwa peke yao kuliko mwanzo. Mwaka 1973 Mark Lepper na wenzake waliona hivyohivyo kwa watoto wa chekechea waliopenda kuchora: walioahidiwa cheti mapema walipunguza hamu ya kuchora baadaye, ila waliopewa cheti bila kuahidiwa hawakuathirika. Kwa hiyo fundi anayependa kudarizi usimwekee bei kwenye kile anachokipenda. Mlipe haki yake, kisha siku asiyoitegemea mpe asante mbele ya wenzake. Kazi za kuchosha, kama kukata nyuzi zilizobaki au kufungasha, hizo ziwekee bonasi bila wasiwasi, maana hapakuwa na hamu ya kupotea. Nyumbani ni hivyohivyo. Mtoto anayependa kukusaidia jikoni usianze kumlipa mia tano.

Malengo nayo yawe wazi. "Kazaneni" haina kazi. Sema mashati mangapi, kabla ya saa ngapi, na yawe mengi kidogo kuliko wanavyodhani wanaweza. Mtafiti Edwin Locke aliliandika hili mwaka 1968 na tafiti nyingi zimelithibitisha.

La mwisho, na ninaomba ulisome kwa makini. Kuna mtu utamlisha, utamlipa kwa wakati, utampa kazi yake, na bado hana nguvu. Usingizi haupati au haumwishi, chakula hakimpendezi, hata vitu alivyovipenda nje ya kazi ameviacha. Ikifika wiki mbili hali ni hiyo karibu kila siku, huo si uvivu na mahubiri hayatamsaidia. Inaweza kuwa ugonjwa wa akili uitwao sonona, na sonona inatibika. Dodoma tuna Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili, na inaniuma tunavyolitumia jina lake kutukanana mitaani, mpaka mtu mwenye shida anaona aibu kupita getini. Anaweza pia kuanzia hospitali yoyote iliyo karibu naye, akapewa rufaa. Mpe ruhusa, msindikize ikibidi, usiwatangazie wenzake. Na umhakikishie kwamba nafasi yake haipewi mtu mwingine, maana hofu hiyo ndiyo inayowafanya wengi wafiche ugonjwa mpaka unawazidi.